Pembe Isiyofagiwa: Bustani ya Viumbe Katika Shule za Msingi za Lubumbashi

Bustani ya viumbe katika shule ya msingi ni sehemu ya uwanja ambayo mimea, wadudu, ndege na wanyama wadogo huachiwa waishi, na watoto huitumia kama darasa. Si bustani ya mboga, ingawa tuta la lengalenga linaweza kuwa jirani yake, wala si maua ya kupamba mlango wa ofisi. Tofauti ni kwamba hapa kinachokuja chenyewe kina thamani sawa na kilichopandwa, na mara nyingi kinakizidi. Ndiyo maana katika mji wa Lubumbashi kazi ya kwanza si kupanda. Kazi ya kwanza ni kuacha kufagia.

Uwanja wa shule nyingi mjini hufagiwa kila asubuhi kabla ya kengele, mpaka udongo mwekundu unabaki mtupu na mgumu kama sakafu. Desturi hiyo ina sababu zake: usafi, heshima ya mahali pa masomo, na nyoka kuonekana mapema. Karibu na milango ya madarasa na vyoo sababu hizo zinatosha, na hakuna haja ya kuzibishia. Lakini uwanja wote ukifagiwa, mvua ya Desemba huchukua udongo wa juu na kuupeleka mtaroni, na upepo wa Agosti huupeleka machoni na vifuani mwa watoto. Pembe moja ikiachwa, majani yakaanguka na kubaki yalipoangukia, mabadiliko huonekana ndani ya msimu mmoja wa mvua: nyasi huota, jongoo hutokea, mijusi hupata kivuli, na ndege wadogo wala mbegu huanza kushuka chini.

Pembe hiyo haihitaji kuwa kubwa. Mita 10 kwa 10 ni utajiri. Mita 4 kwa 5 zinatosha kwa shule iliyobanwa na maduka ya barabarani. Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa bila malipo mnamo Septemba 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi, na darasa zima haliwezi kuingia bustanini kwa pamoja bila kuikanyaga. Ni afadhali kuwa na vipande viwili vidogo, kila kimoja na kijia cha upana wa mita moja kukizunguka, kuliko kipande kimoja kikubwa ambacho watoto 60 watasimama katikati yake. Mahali panapofaa ni kando ya ukuta, mbali na uwanja wa mpira, na panapoonekana na mlinzi. Mbuzi na kuku wa jirani ni maadui wakubwa kuliko ukame, kwa hiyo uzio wa miti au wa matete hujengwa kabla ya mche wa kwanza kuwekwa ardhini.

Kabla ya yote hayo kuna swali ambalo shule ya Kisangani au ya Arusha haina haja ya kujiuliza kwa uzito huu: udongo wenyewe ni salama? Lubumbashi ulizaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba hapa mwaka 1911, kiwanda kikaja kuwa cha kampuni ya Gécamines, na kwa miongo mingi moshi wake ulibebwa na pepo za kusini-mashariki hadi upande wa kaskazini-magharibi. Huko, kwenye maeneo kama Penga Penga, kuna ardhi ambayo mimea mingi imeshindwa kuishi kwa sababu ya shaba, risasi, kadimi, zinki na aseniki zilizotua juu yake. Watafiti wa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuifunika kwa chokaa, mboji na nyasi aina ya Microchloa altera, inayovumilia shaba. Tatizo haliishii penye moshi wa zamani. Mabaki meusi ya tanuru yametumika kama kokoto, magari ya madini hupita katikati ya makazi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani wana kobalti na metali nyingine nyingi mwilini kuliko wale wanaoishi mbali.

Mtoto wa miaka saba huchezea udongo, kisha hula andazi kwa mkono uleule. Kwa hiyo shule iliyo karibu na kiwanda, machimbo, reli ya madini au barabara ya malori inapaswa kuuchukulia udongo wake kuwa na metali mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo. Njia ya kupima ipo: sampuli huchukuliwa sehemu tano au sita za pembe, kina cha sentimita 20, huchanganywa katika ndoo safi ya plastiki, na kiasi cha kilo moja hupelekwa kwa wenye maabara chuoni, baada ya mkuu wa shule kuomba kwa barua. Majibu yakichelewa, kazi haisimami. Udongo huzuiwa kwa kufunikwa. Nyasi zilizoshikana, matandazo mazito ya majani, na vijia vilivyowekwa vumbi la mbao huzuia vumbi kupaa, na hilo peke yake ni faida kubwa zaidi kwa afya kuliko mti wowote. Chokaa na mboji huzifanya metali nyingi zishikamane na udongo badala ya kuingia kwa urahisi kwenye mizizi. Mboga za majani za kuliwa hazipandwi hapo. Zikitakiwa, hujengewa tuta lililoinuliwa la udongo ulioletwa kutoka mahali safi, kina chake sentimita 30 au zaidi. Na kila kikundi hunawa mikono kwa sabuni kinapotoka. Bila ndoo ya kunawia, bustani haijawa tayari kufunguliwa.

Ardhi yenyewe wakati mwingine hutoa dokezo. Haumaniastrum katangense ni mmea mdogo unaopenda udongo wenye shaba nyingi, kiasi kwamba wanaakiolojia wa Katanga wameutumia kutambua mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba. Ukistawi uwanjani, ni ishara ya kuchukua tahadhari. Usipokuwepo, haimaanishi kwamba udongo ni safi.

Baada ya udongo huja msimu. Lubumbashi uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Machi. Juni na Julai usiku ni baridi. Septemba na Oktoba ni joto na vumbi. Mwaka wa masomo unaanza Septemba, yaani wakati mbaya kabisa wa kupanda na wakati mzuri kabisa wa kujiandaa. Septemba hutumika kuchagua pembe, kujenga uzio na kukusanya mbegu. Oktoba mashimo huchimbwa, upana na kina cha sentimita 50, na udongo wa juu huwekwa kando ili urudishwe chini pamoja na mboji. Miche huingia ardhini Novemba, baada ya mvua mbili au tatu za kulowesha kweli. Mvua moja ya mwisho wa Oktoba imeshawadanganya wengi, na siku ya miti ya kitaifa tarehe 5 Desemba haina hatari hiyo, ingawa ina nyingine: hotuba ndefu, picha nyingi, na miche ambayo hakuna anayejua nani ataimwagilia Aprili. Shule yenye miche mitano na watoto watano wenye zamu imepanda miti mingi kuliko shule yenye miche mia na mgeni rasmi.

Kwa kuchagua mimea, kanuni ni kuanza na kilichopo. Mwembe mzee hauguswi, hata kama si wa asili ya Katanga, kwa sababu maua yake ya kiangazi huwalisha nzi na nyuki wakati vingine vimekauka, na magome yake ni makazi ya buibui na mijusi. Mti wa parachichi vivyo hivyo. Kama uwanja uko pembezoni mwa mji, upande wa Annexe kwa mfano, huenda kuna visiki vya msitu wa miombo vinavyochipua kila mwaka na kukatwa kila mwaka. Hivyo ni hazina. Mizizi yake tayari iko chini, na chipukizi moja au mawili yakiachwa kwenye kila kisiki hukua haraka kuliko mche wowote wa kununua.

Miti ya miombo, jamii ya Brachystegia, Julbernardia na masuku, ina sifa moja ambayo imewakatisha tamaa wengi. Mizizi yake huishi kwa ushirika na kuvu wa ardhini. Bila kuvu hao mche hudumaa na kugeuka njano. Kitalu cha shule kwa hiyo huchanganya kwenye kila mfuko konzi moja au mbili za udongo uliotolewa chini ya mti mama, uliochukuliwa mbali na kiwanda. Mbegu za masuku hupoteza uhai upesi, hivyo hupandwa mara tu tunda linapoliwa, na mahali pa kuzipata ni rahisi: msimu wa mvua masuku huuzwa sokoni, na watoto watakula kwa hiari yao bila mwalimu kuwaagiza. Maganda ya Brachystegia na Julbernardia hupasuka yenyewe kwenye joto la mwisho wa kiangazi na kurusha mbegu, kwa mlio unaosikika. Kukusanya kunahitaji tu kuwahi. Yafaa watoto waelezwe mapema kwamba mwaka wa kwanza na wa pili mti wa miombo hujenga mzizi zaidi ya shina, ili wasidhani mche wao wa sentimita 15 umeshindwa.

Kwa furaha ya haraka kuna mimea mingine. Mwamba-ngoma, Erythrina abyssinica, huota kwa kipande cha tawi kilichochomekwa ardhini mwanzoni mwa mvua, na ukikomaa huchanua maua mekundu wakati wa kiangazi, ukiwa hauna majani, na kuwaita ndege aina ya chozi kutoka mtaa mzima. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu zikitafunwa. Maganda huchumwa kabla ya kuanguka, na mti hupandwa mbali na darasa la kwanza. Leonotis, yenye vishada vya duara vya rangi ya machungwa, huota yenyewe kwenye ardhi iliyochimbwa na hupendwa na chozi vilevile. Nyasi za kienyeji zikiachwa zitoe mbegu huwaleta ndege wadogo wa buluu, Uraeginthus angolensis, ambao mtoto wa mtaa wa Katuba au Kamalondo anaweza kuwafahamu kwa wiki moja. Nyasi hizo zikatwe nusu kwa nusu, kipande kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, siyo zote kwa siku moja.

Mlimau ndio mmea bora wa kufundishia kuliko yote. Kipepeo mkubwa wa rangi nyeusi na njano, Papilio demodocus, hutaga mayai yake moja moja kwenye majani machanga. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, kiasi kwamba ndege hawamtamani. Akikua hugeuka kijani, na akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Kiwavi mmoja akiwekwa kwenye boksi lililofunikwa chandarua, akapewa majani mapya kila siku, darasa litashuhudia kiwavi, bundo na kipepeo ndani ya muhula mmoja. Mkulima wa machungwa angemponda kiwavi huyo bila kufikiri, na jambo hilo nalo linafaa kuzungumzwa darasani badala ya kufichwa.

Somo la pili la vipepeo linahitaji jicho zuri. Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe, ana sumu aliyoipata kwenye mimea ya utomvu aliyokula akiwa kiwavi. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu hiyo, ila amevaa sare ileile, na ndege humwacha. Viwavi wake hula mmea mnene unaotambaa wa Portulaca, ambao kwa kawaida hung'olewa kama gugu. Ukiachwa mita moja tu, wapo watakaokuja.

Mimea ya kuepuka lazima itajwe waziwazi kwa sababu mingine ni ya kawaida kwenye bustani za mjini. Lorie waridi na lorie ya njano zina sumu katika kila sehemu. Mbono na mbono-kaburi hutoa mbegu ambazo watoto huzifananisha na karanga. Datura hutia wazimu na kuua. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huweza kulijeruhi vibaya. Mimea hii ikiwa tayari ipo shuleni, hung'olewa na watu wazima, wala haichomwi karibu na madarasa. Tithonia, ile alizeti ya porini inayofunika viwanja vitupu, haina shida kubwa kwa watoto, na nyuki huipenda. Lakini huenea na kuisonga mingine. Hutumika vizuri ikikatwa ikiwa bado laini na kutandazwa kama mbolea kabla ya kutoa mbegu.

Baadhi ya shule za Lubumbashi zina kitu ambacho bustani za dunia nzima zingekililia: kichuguu. Vichuguu vya nyanda hizi, kazi ya mchwa Macrotermes falciger, ni miongoni mwa vikubwa duniani. Vingine hufika mita 8 kwenda juu, na upana wa kitako ukazidi mita 15. Vingi vimebomolewa kutengeneza matofali ya kuchoma, na wakulima huchukua udongo wake kurutubisha mashamba, kwa sababu una mfinyanzi na kalisi zaidi ya udongo wenye asidi unaouzunguka. Miti inayoota juu yake ni tofauti na ile ya tambarare. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka kwa maelfu, na kila kiumbe huja kula: mwewe, kunguru, vyura, kuku wa mlinzi, na watoto wenyewe, kwa kuwa kumbikumbi wa kukaanga ni kitoweo. Uyoga mkubwa wa mchwa, bowa wanavyouita wengi mjini, huchipua kutoka kwenye bustani za kuvu ambazo mchwa wenyewe hulima chini ya ardhi. Ni vigumu kupata kitabu cha sayansi chenye sura nyingi kiasi hicho. Kichuguu cha shule kisibomolewe kwa ajili ya darasa jipya kama kuna mahali pengine pa kujenga. Na kama lazima kibomolewe, nusu ibaki.

Maji huwavuta viumbe kuliko chakula, hasa Septemba, lakini katika mji wa malaria dimbwi la kudumu ni kosa. Mbu huhitaji takriban wiki moja hadi siku kumi kutoka yai hadi kuruka. Beseni pana lenye kina cha sentimita 5, na jiwe katikati ili nyuki na vipepeo wasizame, linatosha. Humwagwa na kusuguliwa mara mbili kwa wiki, na zamu huandikwa ukutani. Maji ya bomba yanapokatika, na hukatika, maji ya kunawia mikono yanaweza kumwagiwa miche, mradi sabuni haikuwa nyingi.

Rundo la magogo linalooza huleta mende wa mbao, tandu, konokono, vyura, na mara chache nyoka. Swila na kifutu wapo katika nchi hii, na mwalimu anayekana hilo hatasikilizwa na wazazi. Rundo huwekwa mwisho wa pembe, mbali na mlango wowote. Nyasi za kando ya kijia hukatwa fupi. Watoto huingia wamevaa viatu, huinua kitu kwa kijiti na siyo kwa kidole, na hawatii mkono shimoni. Nyoka akionekana, kikundi hurudi nyuma polepole na mtu mzima huitwa. Mizinga ya nyuki wa asali haina nafasi katika shule iliyojaa. Badala yake kipande cha mbao kavu hutobolewa matundu ya milimita 4 hadi 8, kina cha sentimita 10 au zaidi, na kutundikwa chini ya paa: nyuki wapweke, wasio na kundi la kulinda wala haraka ya kuuma, watayajaza tope na majani tundu kwa tundu.

Hayo yote ni maandalizi. Elimu yenyewe hutokea katika dakika 15 za kila wiki ambapo kikundi cha watoto kumi huingia, hukaa kimya, na kuandika kilichoonekana. Daftari moja la bustani kwa kila darasa linatosha, lenye tarehe, hali ya hewa, kiumbe, mahali alipokuwa na alichokuwa akifanya. Jina linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya kufundishia ya madarasa ya chini katika Katanga, na kando yake kwa Kibemba, Kisanga, Kiluba au lugha yoyote ya nyumbani. Mara nyingi bibi wa mtoto mmoja ana jina la mdudu ambaye mwalimu hana. Jina la Kifaransa hufuata katika madarasa ya juu. Mtoto asiyejua jina huchora.

Hesabu nazo zimo humo. Kamba ya mita nne ikifungwa mraba hutoa eneo la mita mraba moja. Mraba mmoja huwekwa kwenye uwanja uliofagiwa na mwingine ndani ya pembe, na aina za mimea na wanyama huhesabiwa pande zote mbili. Kopo lisilo na kitako likikandamizwa ardhini sentimita chache, likamiminiwa lita moja ya maji, hupima muda ambao ardhi huchukua kuyanywa. Kwenye udongo uliofagiwa maji husimama. Chini ya majani hupotea haraka. Tofauti ya dakika hizo inaeleza mmomonyoko kuliko ubao mzima wa maelezo. Chupa ya plastiki iliyokatwa juu na kuwekewa rula hupima mvua, na kwa kuwa milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba, darasa la tano linaweza kukokotoa kwamba paa la mita 20 kwa 8 likipata mvua ya milimita 25 hukusanya lita 4,000. Huenda wazazi wakisikia namba hiyo watachangia mfereji wa bati na pipa.

Kutoka pembe hiyo mazungumzo hufika mbali yenyewe. Vinkubala vinavyouzwa sokoni ni viwavi waliokula majani ya miombo. Makaa, ambayo mjini huitwa makala, ni miombo ileile iliyochomwa. Umeme ukikosekana jikoni, mti hukatwa, na sahani ya viwavi hupungua. Mwalimu hana sababu ya kumlaumu muuza makala, ambaye pengine ni baba wa mwanafunzi. Kazi ni kuonyesha uzi unavyounganisha jiko na msitu, na kuwaacha watoto waulize nini kifanyike.

Safari za nje zifuate, zisitangulie. Bustani ya wanyama ya Lubumbashi, pamoja na kituo cha J.A.C.K. kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau kwa ajili ya sokwe wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara haramu, hupokea watoto na kuwaeleza biashara hiyo inavyoanza kwa kuuawa mama. Mtoto ambaye ameshamlinda kiwavi kwenye boksi huisikia habari hiyo kwa sikio lingine. Mbuga za Upemba, ya mwaka 1939, na Kundelungu, ya mwaka 1970, ziko katika eneo la Katanga, lakini kwa wengi zitabaki picha vitabuni. Katika Afrika Mashariki vilabu vya Wildlife Clubs of Kenya tangu 1968, na Roots & Shoots iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa Jane Goodall na wanafunzi wachache, vimeonyesha kwamba klabu hudumu pale watoto wanapochagua kazi yao wenyewe. Katika shule ya msingi uchaguzi huo unaweza kuwa mdogo: beseni liwekwe wapi, nyasi zipi zisikatwe.

Kuna jambo moja linaloua bustani za shule kimyakimya, nalo ni adhabu. Mtoto aliyechelewa akitumwa kumwagilia, na mtukutu akipewa jembe, ndani ya mwezi bustani inakuwa gereza, na hakuna darubini itakayoirudishia heshima. Zamu ya bustani iwe ya kuombwa. Salongo ya Jumamosi, yaani kazi ya pamoja ya jamii, inaweza kubeba kazi nzito za uzio na mashimo, pamoja na wazazi, ila mwenye kufagia apewe mpaka uliochorwa kwa mawe, la sivyo bidii yake itafuta kazi ya miezi sita kwa nusu saa.

Mpaka huo unafaa kuwepo pia kwenye karatasi. Viwanja vya shule vinavyopakana na barabara huvutia wajenzi wa maduka, na pembe yenye majani marefu huonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Mchoro wa uwanja unaoonyesha pembe, vipimo vyake na matumizi yake hupitishwa katika kikao cha kamati ya wazazi na kamati ya usimamizi wa shule, hutiwa sahihi, na nakala hubaki ofisini na kwa chifu wa mtaa. Kibao cha mbao langoni, chenye maneno "Bustani ya masomo", husaidia zaidi ya inavyodhaniwa.

Likizo ya Julai na Agosti ndiyo mtihani wa mwisho wa mwaka. Mvua zimekatika tangu Aprili, na walimu hawapo. Mwezi wa Mei matandazo huongezwa mpaka unene wa kiganja kuzunguka kila mche, na chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo huzikwa kando ya kila mche, shingo juu, ili mlinzi ajaze mara mbili kwa wiki badala ya kumwaga maji juu ya ardhi. Malipo madogo ya mlinzi kwa kazi hiyo hupangwa kabla ya shule kufungwa, siyo baada. Ukanda wa mita mbili nje ya uzio husafishwa majani makavu, kwa kuwa huu ni wakati wa mioto. Ndani ya uzio majani hubaki. Miche mingine itakufa. Nafasi zake huandikwa kwenye daftari, na Septemba darasa jipya hulipokea daftari hilo pamoja na ufunguo wa lango.